Vipuri vya Kaboni na Njia ya Misafara

Yumkini hakuna chombo kilichowatumikia wakazi wa nyanda za magharibi ya Tanzania kwa uaminifu kama baiskeli. Kutoka Tabora hadi Urambo, Kaliua, Sikonge na Nzega, baiskeli ndiyo ipelekayo tumbaku ghalani, asali sokoni, mgonjwa zahanatini na mwanafunzi shuleni. Nchi yenyewe imeumbwa kuipokea: ni uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, wenye vilima vichache vya mawe na njia ndefu za mchanga zipitazo katikati ya miombo. Baiskeli hiyo ni ya chuma. Aghalabu imetoka Shanghai au India, uzito wake ni kilo 20 hivi, na ikivunjika fundi wa chini ya mwembe huiunga kwa moto wa gesi kabla ya adhuhuri.

Lakini baiskeli ina watumishi wa namna mbili. Wako wabebao mizigo, na wako vijana wapendao mashindano. Hao wa pili ndio wanaohusika hapa. Mwezi Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mtu akipima ramani kwa rula ataona kwamba Kigali iko karibu zaidi na Tabora kuliko ilivyo Dar es Salaam. Baiskeli zilizopanda vilima vya mji huo zilikuwa za nyuzi za kaboni, na bei ya zile za daraja la juu katika maduka ya Ulaya hupita dola 10,000 za Marekani. Kwa kijana wa Tabora bei hiyo ni hadithi tu. Isipokuwa kwamba fremu za namna hiyo, pamoja na ringi, usukani na uma wa mbele, hutengenezwa kwa wingi nchini China na Taiwan, na baadhi ya viwanda huko humwuzia mtu yeyote moja kwa moja, kwa dola mia kadhaa, mradi alipe na kungoja mzigo.

Kuhusu biashara hii kuna kauli mbili zinazosikika sana. Moja husema kwamba kitu rahisi ni kibovu, na kwamba anayenunua kaboni isiyo na jina ananunua kifo chake. Nyingine husema kwamba kiwanda ni kimoja, tofauti ni rangi na chapa tu, na kwamba alipaye bei ya dukani ni mjinga. Kauli zote mbili ni za haraka. Ya kwanza hupendwa na wenye maduka, ya pili hupendwa na wenye haraka ya kununua. Swali linalostahili kuulizwa na mwalimu na mwanafunzi wa sayansi ni lingine: je, katika ile bei ya dukani, ni kitu gani hasa kinacholipiwa, na mnunuzi anayeruka duka atakipata wapi?

Tabora si mgeni wa swali hilo. Mji huu ulizaliwa nalo. Katika karne ya 19, pembe za ndovu zilishuka kutoka Ujiji na Manyema hadi Unyanyembe, na kutoka hapo hadi Bagamoyo. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda kwa njia ile ile. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kiasi cha frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na safari ya kutoka pwani kwa kawaida ilichukua kiasi cha miezi 3. Kila hatua iliongeza bei. Kulikuwa na posho ya wapagazi, riba ya wakopeshaji wa Unguja, na hongo kwa kila mtawala ambaye msafara ulipita katika nchi yake. (Neno hongo wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia, na halikuwa na aibu iliyo nayo leo.) Kwa hiyo kila mfanyabiashara aliota jambo moja, yaani kumruka mtu wa kati. Wanyamwezi waliota kabla ya wengine: mwanzoni mwa karne hiyo walikuwa wakishuka wenyewe hadi pwani na pembe zao. Waarabu na Waswahili nao wakapanda bara, wakajenga tembe zao Kazeh na Kwihara ili wanunue karibu na chanzo. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857 waliwakuta wamekwisha kukaa imara. Mirambo wa Urambo, aliyeifunga njia mwaka 1871 alipokuwa akipigana na Waarabu wa Unyanyembe, baadaye alitafuta uhusiano wa moja kwa moja na balozi wa Uingereza huko Unguja, John Kirk. Hakuna aliyependa kununua kwa jirani kitu ambacho angeweza kukinunua kwa mwenyewe.

Hata hivyo historia ya njia hiyo yafundisha jambo la pili, ambalo husahauliwa kwa urahisi zaidi. Watu wa bara hawakununua kila kilicholetwa. Nguo iliyotawala biashara katikati ya karne hiyo ilikuwa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilichofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kuiga kitambaa hicho na kukiuza kwa bei ndogo zaidi. Wanunuzi wakakigusa, wakakifua, wakaona hakidumu kama kile cha awali, nao wakaendelea kuitaka merikani halisi. Ilibidi vita vya ndani ya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vikate ugavi huo ndipo nguo za Uingereza na za Bombay zipate nafasi kubwa. Katika shanga mambo yalikuwa makali zaidi. Zilitoka Venice kwa sehemu kubwa, na aina zake zilihesabiwa kwa mamia. Rangi iliyopendwa katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya pili, hata kama zimetengenezwa katika tanuri moja. Mfanyabiashara aliyechukua shanga zisizotakiwa alikuwa amewalipa wapagazi wabebe mawe.

Yaani, njia ya misafara haikuendeshwa na bei peke yake. Iliendeshwa na watu waliojua kupima. Mwanamke wa Unyanyembe hakuwa na maabara, lakini alikuwa na vidole na beseni la maji, na jibu lake lilifika mpaka Massachusetts.

Ugumu wa kaboni ni kwamba vidole havitoshi.

Hapa hapana budi kueleza kitu chenyewe. Uzi wa kaboni huanza kama plastiki iitwayo poliakrilonitraili, ndugu wa karibu wa uzi wa akriliki unaofumwa sweta. Uzi huo hupashwa moto katika hewa kwa nyuzi joto 200 hadi 300, kisha hupitishwa katika tanuri lisilo na oksijeni, lenye joto linalozidi nyuzi 1,000. Mchoma mkaa wa Sikonge angeielewa kazi hii mara moja: mti ukichomwa penye hewa huwa majivu, ukifunikwa udongo huwa mkaa. Kinachobaki tanurini ni karibu kaboni tupu, katika uzi wenye unene wa milimita 0.007 tu, mwembamba kuliko unywele mara kumi hivi. Nyuzi hizo hupangwa pamoja, hulowekwa katika gundi ya epoksi, hukatwa vipande kama vya kitambaa, hutandikwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu, kisha huokwa chini ya mkandamizo hadi gundi ikauke na kuwa ngumu. Sentimita moja ya ujazo ya kitu kilichopatikana ina uzito wa gramu 1.6 hivi, ya alumini ina gramu 2.7, na ya chuma gramu 7.8.

Nguvu ya kitu hicho haiko sawa kila upande, na hili ndilo jambo la kushika kuliko yote. Chuma ni kama ugali: ukikikata popote ni kile kile. Kaboni ni kama gome la mti ambalo mrina asali huligeuza mzinga. Mrina ajua kwamba gome huvutwa kwa urefu lisikatike, ila kwa upana hupasuka kwa mkono. Uzi wa kaboni nao hustahimili mvutano mkubwa ajabu kwa urefu wake, lakini kwa upana hushikwa na gundi tu. Kwa hiyo mhandisi hutandika tabaka moja kwa urefu wa bomba, la pili kwa mshazari, la tatu kwa mshazari wa upande mwingine, na kadhalika, kulingana na kani atakazotarajia mahali hapo. Fremu mbili zaweza kutoka katika kalibu moja, zikafanana kama mapacha, na moja ikawa na nusu ya nguvu ya nyingine kwa sababu tabaka zake ni chache, au zimekunjamana, au zimeacha viputo vya hewa ndani ya gundi. Rangi ikishapakwa, jicho halioni kitu.

Kwa sababu hiyo wale wasemao kwamba kiwanda ni kimoja na tofauti ni chapa tu wamesema nusu ya kweli. Ni kweli kwamba viwanda vya Asia ndivyo vinavyounda sehemu kubwa ya baiskeli zinazouzwa kwa majina ya Ulaya na Marekani. Kisa cha Schwinn kinajulikana. Kampuni hiyo ya Chicago, iliyokuwa na jina kubwa kuliko zote Marekani, iliitegemea sana kampuni ya Giant ya Taiwan baada ya mgomo wa wafanyakazi wake mwaka 1980. Giant, iliyoanzishwa mwaka 1972, ikajifunza, ikaanza kuuza kwa jina lake, na mwaka 1987 ikatoa fremu ya kaboni iliyoundwa kwa wingi. Schwinn ikafilisika mwaka 1992. Aliyekuwa fundi akawa tajiri, na aliyekuwa na jina akabaki na jina. Lakini kisa hicho kina upande wa pili: Giant haikushinda kwa kuwa rahisi tu. Ilikuwa imejifunza pia kupima, kukataa kilichoharibika, na kuweka kumbukumbu ya kila kilichotoka.

Bei ya dukani, basi, ina mambo mengi ndani yake. Imo faida ya mwenye duka, umo udhamini wa timu za mashindano, na yamo matangazo mazuri yenye picha za milima ya Alps. Hayo yote kijana wa Tabora hana sababu ya kuyagharamia. Lakini umo pia upimaji. Kanuni ya kimataifa ya usalama wa baiskeli, ISO 4210, hutaka fremu isukumwe kwa kani za pedali mara 100,000 bila kuonyesha ufa, na hutaka uzito wa kilo 22.5 uangushwe juu yake kutoka kimo kilichowekwa. Kila aina ya fremu ipimwayo hivyo huvunjwa au huchakazwa, na gharama ya zilizovunjwa hugawanywa katika bei ya zinazouzwa. Tena imo shingo ya kukamatwa: duka lenye anuani, ambalo sheria ya nchi yaweza kulifikia uma ukikatika.

Mnunuzi wa moja kwa moja hujinyima vitu hivyo viwili bila kujua. Anapofungua karatasi na kuona mng'ao wa rangi nyeusi, furaha humwambia kwamba amewashinda wenye maduka. Huenda amewashinda. Viko viwanda vya Xiamen na Dongguan vinavyopima kila aina ya fremu na kutoa hati ya maabara huru, na bidhaa zao hazina kasoro kuliko zile zenye majina. Viko pia vibandavyo chapa za watu wengine juu ya bidhaa ambazo wenye chapa hawajapata kuziona. Anayeuza kwa jina la wizi amekwisha kusema uongo wa kwanza. Hakuna sababu ya kumwamini katika habari za tabaka na gundi. Wengine hujivunia kibandiko cha chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, ambacho kimetolewa kwa fremu na uma tangu mwaka 2011. Yafaa ijulikane kwamba kibandiko hicho huthibitisha kuwa umbo la fremu linafuata sheria za mashindano. Hakisemi lolote juu ya nguvu yake.

Kabla ya kufikia hatari, ni haki kuuliza kama faida yenyewe ipo. Hesabu hii yaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tuseme mwendeshaji na baiskeli yake wana jumla ya kilo 74, na anakwenda kilomita 30 kwa saa katika barabara ya lami iliyo tambarare karibu na Tabora. Upinzani wa hewa katika mwinuko huo, kwa mtu aliyeinama kiasi, ni karibu nyutoni 13. Upinzani wa tairi, ukichukuliwa kuwa 0.005 ya uzito wote, ni nyutoni 3.6. Jumla ni 16.6. Sasa akitumia fedha nyingi na kupunguza kilo 1 kwenye fremu, upinzani wa tairi hupungua kwa nyutoni 0.05, ambayo ni kama sehemu 3 katika 1,000 za kazi yake. Hataigundua. Lakini akibadili tairi nzito na kununua tairi nzuri ambayo upinzani wake ni 0.004, atakuwa ameokoa nyutoni 0.7, yaani karibu mara 15 ya kile kilichookolewa na kaboni, na kwa bei ndogo sana.

Katika mwinuko hesabu hubadilika. Kwenye mteremko wenye kupanda mita 5 kwa kila mita 100, mvuto wa dunia peke yake humrudisha nyuma kwa nyutoni 36, na kilo 1 iliyopunguzwa huokoa nusu nyutoni. Akipanda kwa kilomita 15 kwa saa, hiyo ni kiasi cha asilimia 1.25 ya upinzani wote. Mpanda vilima wa Kigali ashindwaye kwa sekunde 10 ana sababu nzuri ya kuitaka kilo hiyo. Kijana anayefanya mazoezi kati ya Tabora na Nzega hana. Akija kushindana Rwanda atakuwa na sababu. Na ni vema ajue kwamba sababu hiyo inaanzia huko, haianzii nyumbani.

Kwa mbeba mizigo jambo hili halihitaji mjadala. Gunia la kilo 100 kwenye keria, njia ya mchanga, fundi mwenye mtungi wa gesi: chuma ndicho chake, na ataendelea nacho bila kuonewa huruma na mtu. Chuma kikizidiwa hupinda kwanza, na kupinda huko ni onyo. Kaboni ikizidiwa hainyumbuki kwa namna hiyo. Hustahimili, hustahimili, kisha hukatika. Tena ufa wake mara nyingi huanzia ndani, baina ya tabaka, baada ya baiskeli kuanguka juu ya jiwe au kufungwa kwa kamba juu ya paa la basi.

Mahali pa hatari kubwa si fremu. Ni uma wa mbele, usukani na shina linaloushika usukani, kwa kuwa vitu hivyo vikikatika mwendeshaji hana hata nukta ya kujiokoa. Basi ikiwa kuna shauri moja la kutolewa bila woga, ni hili: vitu hivyo vitatu visinunuliwe kwa muuzaji asiye na hati ya upimaji yenye namba ya kipuri kile kile kinachouzwa. Usukani wa alumini wa bei nafuu huongeza gramu mia moja hivi tu. Meno ya mbele ni ghali zaidi.

Ringi za kaboni zina tabia yake. Zile zinazobanwa na breki za mpira hupata moto breki zinapokazwa, na gundi ya epoksi hulainika joto likizidi kiwango ilichotengenezewa. Katika uwanda wa Tabora breki hazikazwi muda mrefu, kwa hiyo ringi mbovu yaweza kutumika mwaka mzima bila kujitambulisha. Ikapelekwa Sekenke, ambako barabara ya Singida inashuka kwa kona kuelekea bonde la Wembere, na hapo ndipo itakapojitambulisha. Breki za sahani zimeondoa tatizo hili, na ni sababu tosha ya kuzichagua.

Jambo jingine ni la ufundi, na linahusu mkono wa fundi mwenyewe. Skrubu za shina la usukani wa kaboni kwa kawaida huandikwa Nm 5. Maana yake ni kwamba, kwa ufunguo wenye urefu wa sentimita 10, kani ya kuukaza isizidi nyutoni 50, ambazo ni sawa na uzito wa kilo 5 ulioning'inizwa kwenye ncha yake. Fundi aliyezoea chuma hukaza mara nne ya hapo bila kutoa jasho, naye husifiwa kwa kukaza vizuri. Kwa kaboni huwa ameivunja siku ile ile, ingawa itakatika mwezi wa tatu. Si kosa la fundi, hakuna aliyemwambia. Kifaa cha kupimia mkazo ni ghali, lakini ufunguo na mfuko wa mchanga wa kilo 5 uliopimwa kwenye mizani ya duka la nafaka hufanya kazi iyo hiyo, na ni somo zuri la momenti ya kani kuliko mengi yaliyomo vitabuni.

Kuhusu gharama, anayenunua nje asisahau kwamba bei ya kiwandani si bei ya Tabora. Forodha hukadiria kodi juu ya bei ya kitu pamoja na nauli na bima. Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukishaongezwa, kodi ya ongezeko la thamani, yenye kiwango cha kawaida cha asilimia 18, hutozwa juu ya jumla hiyo. Nauli nayo basi hutozwa kodi. Mzigo mdogo wa mtu mmoja hulemewa na nauli kuliko mzigo wa watu 10. Wafanyabiashara wa Kariakoo waligundua siri hiyo zamani: huenda Guangzhou, hununua kwa pamoja, hugawana nafasi katika kontena moja, na aliyekwenda huwa macho ya wote waliobaki. Huo ni msafara hasa, wenye kiongozi na mizigo ya watu mbalimbali, na haukosi hongo zake njiani. Wapenda baiskeli wa Tabora, Shinyanga na Mwanza wangefanya vema kuiga mpango huo kuliko kila mmoja kuagiza kipuri chake gizani. Watu 10 wanaonunua fremu za aina moja wanaweza kudai hati, wanaweza kuagiza ya 11 ili wapate ya kuvunja, na wakilalamika husikika.

Faida nyingine ya kununua aina moja itaeleweka na kila anayekumbuka habari za shanga. Tundu la fremu linaloshika ekseli ya pedali lilikuwa, kwa baiskeli za chuma, la vipimo vichache vilivyozoeleka. Leo vipimo vyake ni vingi, kila kampuni na chake, na beringi ya mmoja haiingii kwa mwingine ijapokuwa kwa macho zinafanana. Mwenye fremu ya peke yake atakuwa na shanga nyeupe katika nchi ipendayo nyekundu.

Shirika la Viwango Tanzania lipo tangu mwaka 1975, na kukagua ubora wa bidhaa zitokazo nje ni sehemu ya kazi yake. Lakini haiwezekani mkaguzi afungue kila kifurushi kiingiacho kwa posta, wala si haki kumtupia mzigo wote. Upimaji wa kwanza wapaswa kufanyika karibu na mtumiaji, na hapo ndipo shule zinapoingia. Tabora ni mji wa shule tangu zamani, na una vyuo vya ufundi. Karakana inayoweza kuning'iniza kilo 22.5 na kuziachia inaweza kufanya jaribio lenye maana, hata kama haliwezi kuitwa la kimataifa. Jaribio jepesi zaidi ni la sarafu: mwanafunzi hugonga fremu taratibu kwa ukingo wa shilingi 200, sentimita kwa sentimita. Palipo na tabaka zilizoachana, mlio hubadilika ghafla na kuwa mzito, kama wa chungu chenye ufa kinapogongwa na mnunuzi sokoni. Sarafu haithibitishi kwamba kipuri ni kizima. Ila inapotoa mlio mbaya, yatosha kukiweka kando.

Katani yaweza kutumika kufundishia mengine yote. Nyuzi za mkonge zikilowekwa katika epoksi ya dukani na kukaushwa katika vipande vitatu vya ukubwa mmoja, kimoja kikiwa na nyuzi za urefu, cha pili za upana, na cha tatu zilizopishana, kisha kila kimoja kikining'inizwa uzito mpaka kivunjike, darasa litakuwa limeona kwa macho yake kile ambacho rangi ya kiwandani hukificha. Huko Ghana na Uganda ziko karakana zinazounda fremu za mianzi ambazo viungo vyake hufungwa kwa nyuzi na gundi; sayansi yake ni hiyo hiyo.

Na kipuri kilichovunjika kisitupwe. Hivi sasa uma wa kaboni ukikatika huishia jalalani, na habari yake huishia kwenye mazungumzo ya kijiweni. Ungepelekwa shuleni, ukatwe kwa msumeno wa chuma, kwa kitambaa puani maana vumbi lake hudhuru mapafu, na tabaka zake zihesabiwe kwa kioo cha kukuzia mbele ya wanafunzi: ni ngapi, zimelala upande gani, na viputo viko wapi. Kisha jina la muuzaji, tarehe ya kununuliwa na tarehe ya kuvunjika viandikwe katika daftari moja linalotunzwa na mwalimu wa fizikia, ambalo mtu yeyote wa mkoa anayetaka kuagiza ataruhusiwa kulisoma kabla ya kutuma fedha zake.